Kabla Hujavuka Mokowe: Picha ya Nyuklia kwa Mgongo Wenye Maambukizi

Mzee wako analalamika mgongo. Si ule wa kushinda jahazini au kupakua saruji gatini. Huu haupoi. Usiku unazidi. Ukimgusa pingili moja kwa kidole anaruka. Nguo zinampwaya na wiki zinakwenda. Homa yaweza kuwepo au isiwepo. Wengi wenye maambukizi ya uti wa mgongo hawachemki mwili hata kidogo. Basi usingoje homa ndipo uinuke.

Sasa jamaa wa Nairobi kapiga simu: mleteni huku apigwe PET, ile picha ya nyuklia, itaonyesha kila kitu. Tulia kidogo. Picha ya nyuklia ni kipimo kizuri sana kwa ugonjwa huu, lakini kazi yake ni kuonyesha mahali palipowaka mwilini. Haisemi ni mdudu gani aliyepawasha. Ukiifuata bila faili na bila swali, utarudi Amu na karatasi, deni na mgongo uleule. Ukiifuata kwa mpangilio, itawaepusha miezi ya kubahatisha dawa.

Kuna hali moja isiyongoja mpangilio wowote. Miguu ikianza kulegea, ganzi ikishika makalioni na mapajani kwa ndani, mkojo ukigoma kutoka au ukitoka wenyewe, hiyo ni dharura ya leo. Uti wa mgongo unabanwa. Mpeleke hospitali ya King Fahd saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane, na uyaseme hayo kabla ya kitu kingine chochote. Mgonjwa huyu anahitaji MRI na daktari wa upasuaji haraka. Mambo ya picha ya nyuklia yaache kwanza.

Kazi ya Amu ifanyike Amu

Watu wengi hukimbilia Nairobi wakiwa na eksirei moja tu mkononi. Huko wataanzishwa vipimo ambavyo vingefanyika hapa kwa bei nafuu, na siku zitaliwa nyumba ya kulala wageni. Usifanye hivyo.

Nenda hospitali ya kaunti, omba daktari aandike vipimo hivi: ESR na CRP, ambavyo hupanda mwili ukiwa na uvimbe au maambukizi, hesabu kamili ya damu, sukari, figo, HIV, na brusela. Eksirei ipigwe ya mgongo na ya kifua. Kama anakohoa, makohozi yaende GeneXpert. Ujue pia kwamba eksirei ya mgongo yaweza kutoka safi wiki za mwanzo ilhali ugonjwa upo. Eksirei safi isikufunge mdomo.

Omba pia damu ioteshwe maabara, yaani kalcha ya damu, sampuli mbili au zaidi. Kama haifanyiki hapo, uliza itafanyika wapi njiani. Kipimo hiki kina thamani kubwa. Wakati mwingine kinamtaja mdudu moja kwa moja, na mgonjwa anaokoka na safari nyingine nyingi.

Dawa za antibiotiki za duka, acha. Najua maumivu yanavyomkera mtu, na najua dukani hawakatai kuuza. Lakini vidonge vya siku tano haviponyi mfupa wenye usaha. Vinamficha mdudu tu, na kalcha inatoka tupu. Mgonjwa akiwa imara, bila homa kali wala miguu kulegea, madaktari wenyewe mara nyingi huchelewesha antibiotiki mpaka sampuli ipatikane. Kama amekwishameza, usifiche. Andika jina la dawa, tarehe aliyoanza na tarehe aliyoacha.

Kuchuliwa nako kusimame. Hili nalisema kwa heshima zote kwa mafundi wetu wa viungo, maana kuna migongo mingi wanaituliza kweli. Lakini pingili iliyoliwa na maambukizi ni dhaifu, na mkono wenye nguvu unaweza kuibonyeza ikavunjika. Hijama nayo isogezwe mbele mpaka majibu yatoke. Ngozi iliyochanjwa ni mlango mwingine wa wadudu.

Kisha mhoji mgonjwa kama karani. Amekunywa maziwa mabichi ya ng'ombe, mbuzi au ngamia? Watu wa Witu, Hindi na vijiji vya wafugaji, hili ni swali lenu hasa, maana brusela inapenda uti wa mgongo. Kuna mtu wa TB nyumbani? Ana kisukari? Ana selimundu? Anasafishwa figo kwa mashine? Alipata jipu, kidonda au upasuaji miezi ya karibuni? Aliwahi kuanguka mnazini au mlingotini? Mwaka gani? Andika yote kwenye ukurasa mmoja. Jambo la kuanguka litarudi kwenye picha, utaona.

MRI kwanza, nyuklia baadaye

Kwa maambukizi ya uti wa mgongo, picha ya kwanza duniani kote ni MRI. Inaonyesha pingili, diski, usaha na mishipa kwa pamoja. Kwa Mombasa, MRI ipo kwenye hospitali kubwa, kwa hivyo mara nyingi safari yako ya kwanza inaishia Mombasa. Barua ya rufaa kutoka King Fahd kwenda Coast General ndiyo njia iliyozoeleka. Ikipigwa MRI na ikajibu, pengine hutahitaji nyuklia kabisa. Fedha zako ziende kwenye matibabu.

Sasa, ni lini uulize habari za nyuklia? Mgonjwa asipoweza kuingia MRI: ana kifaa cha moyo kisichokubaliana na sumaku, ana kipande cha risasi au cha chuma mwilini, au ana hofu ya kufungiwa inayomshinda. Mafundi wa kuchomelea na kusaga vyuma waseme kama waliwahi kuingiwa na chembe ya chuma jichoni. Sumaku ya MRI inaweza kuivuta.

Pia pale MRI inaposema "huenda". Uchakavu mkali wa diski na maambukizi hufanana sana kwenye MRI, hasa kwa wazee. Au mgonjwa alifungwa vyuma mgongoni na vyuma hivyo vinaharibu picha. Au daktari anashuku kwamba wadudu wako mahali zaidi ya pamoja na anataka kuuona mwili mzima kwa mkupuo. Hapo nyuklia inalipa gharama yake.

Muulize daktari swali hili, kwa maneno haya haya: "MRI imeshindwa kutuambia nini, na picha ya nyuklia itabadilisha nini kwenye matibabu?" Akiwa na jibu, safari ina maana. Akisema tu ni vizuri kujua, omba maoni ya daktari wa pili.

Ni picha gani hasa?

"Picha ya nyuklia" si kitu kimoja. Angalia barua yako imeandikwa nini, kwa sababu ukienda na jina lisilo sahihi utarudishwa.

Skani ya mifupa hutumia teknetiumu. Mgonjwa anadungwa, dawa inakimbilia mahali mfupa unapojijenga kwa pupa, na gama kamera inapiga picha. Ni nafuu kuliko PET, na inaona mapema kuliko eksirei. Udhaifu wake ni kwamba inawaka kwa mengi: mfupa uliovunjika, saratani, hata uzee wa pingili. Ndiyo maana nilikuambia uandike habari za kuanguka. Mfupa uliovunjika unaweza kuwaka kwenye skani hii mwaka mzima au zaidi. Kama ndiyo mnayofanya, uliza kama itafanywa kwa hatua tatu, na kama mgongo utapigwa SPECT-CT ili mahali paonekane kwa kina. Mahali pengine huiambatanisha na skani ya galiumu, ambayo huchukua siku mbili tatu kukamilika. Panga malazi kwa kujua hilo.

PET-CT hutumia sukari iliyobebeshwa fluorini yenye mionzi, kwa jina FDG. Chembe zinazopigana na wadudu hula sukari nyingi, basi mahali pa vita pang'aa. Kwa uti wa mgongo hii ndiyo picha ya nyuklia yenye nguvu zaidi leo. Ikitoka safi, maambukizi karibu yameondolewa kwenye orodha. Mfupa uliovunjika au kupasuliwa bila matatizo kwa kawaida hutulia kwenye PET ndani ya miezi mitatu au minne, kwa hivyo haichanganyi sana kama skani ya mifupa. Lakini saratani nayo hula sukari, na TB pia. Kung'aa peke yake hakumtaji mtu.

Kuna ya tatu, ya chembe nyeupe za damu zilizotiwa mionzi. Ni nzuri kwa mguu na nyonga. Kwa uti wa mgongo mara nyingi hudanganya: mahali penye ugonjwa huonekana pakiwa giza badala ya kuwaka. Ukiandikiwa hiyo kwa mgongo, uliza sababu kwa adabu.

Kwa Kenya, kitengo cha nyuklia cha Kenyatta National kina gama kamera. PET-CT ipo kwenye hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, ile ya Kahawa West, na kwenye hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan, Parklands. Zote mbili zina saiklotroni, yaani mtambo wa kuitengeneza fluorini pale pale. Usitarajie siku moja dawa hii iletwe Amu kwa ndege na mashine ikae Langoni. Fluorini hupoteza nusu ya nguvu kila baada ya dakika 110 hivi. Lazima mgonjwa aifuate.

Hilo lina maana ya vitendo kwako. Dawa inaandaliwa kwa ajili ya miadi ya siku ile. Ukichelewa kwa sababu basi limekwama, haiwekwi friji ikakusubiri. Lala Nairobi usiku wa kuamkia miadi, bila ubishi.

Teknetiumu nayo hutoka kwenye jenereta inayoagizwa nje ya nchi na kufika kwa ndege, na nguvu ya jenereta hushuka siku hadi siku. Ndege ikichelewa, foleni inasogea. Piga simu siku mbili kabla ya kusafiri na uulize: jenereta imefika? Mashine inafanya kazi? Usifunge safari mpaka usikie ndiyo zote mbili.

Fedha na karatasi

PET-CT ni makumi ya maelfu ya shilingi. Kabla ya yote hakikisha mgonjwa amesajiliwa SHA na michango yake iko hai. *147# inatosha kuangalia. Kisha iulize hospitali itakayopiga picha, si jirani, kama kipimo hiki kwa ugonjwa huu kinalipiwa, na kama kinahitaji idhini ya awali. Idhini inaombwa kabla ya sindano. Baada ya sindano ni hadithi nyingine.

Beba faili halisi. Barua ya rufaa, majibu yote ya damu, ule ukurasa wako wa historia, orodha ya dawa, na CD ya MRI au CT yenyewe pamoja na maandishi yake. Picha ya simu ya filamu ya MRI haimsaidii daktari. Tia vyote kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa vizuri, maana maji ya mashua hayachagui.

Kumsafirisha mtu mwenye mgongo mbovu

Punda hapana. Hata kwa njia fupi ya kwenda jeti, mgonjwa wa mgongo asipandishwe punda. Akiweza kutembea, atembee polepole. Asipoweza, machela na vijana wanne.

Mashua: mlaze au mkalishe nyuma, karibu na nahodha. Omo ndiyo inayopiga mawimbi, na kila kishindo kinaingia kwenye pingili. Mwambie nahodha tangu mwanzo kwamba leo hakuna mbio. Mnaotoka Faza, Siyu au Kizingitini, pangeni kupita Mkanda maji yakiwa yamejaa ili msikwame njiani na mgonjwa juani. Kusi likivuma, toka alfajiri kabla bahari haijachafuka.

Kutoka Mokowe hadi Mombasa ni safari ndefu ya basi. Omba kiti cha katikati, si cha nyuma juu ya magurudumu. Ashuke anyooshe miguu Witu, Garsen, Malindi, kila basi linaposimama. Mombasa hadi Nairobi, mimi napendekeza treni ya SGR kuliko basi: haina matuta, na mgonjwa anaweza kuinuka akatembea ndani. Ukoo ukiweza kuchanga tiketi ya ndege kutoka Manda, changeni. Kwa mgongo huu hiyo si anasa. Asiyeweza kukaa wima kabisa, piga simu shirika la ndege mapema. Ndege ndogo hazina nafasi ya machela mpaka viti vipangwe upya.

Siku mbili kabla ya PET

Hapa ndipo picha nyingi huharibika, na ndipo wewe una uwezo mkubwa kuliko daktari. Soma taratibu.

Sukari ya mwili lazima iwe chini ili ile sukari ya picha ipate nafasi. Jioni ya mwisho kabla ya miadi, chakula kiwe samaki, nyama, mayai na mboga za majani. Wali, mahamri, mkate wa mofa, muhogo, tende na halua viwekwe kando. Kisha saa sita kabla ya miadi asile chochote. Maji matupu anywe, na anywe kwa wingi. Chai ya rangi yenye sukari ni chakula. Kahawa yenye tangawizi na sukari ni chakula. Pipi ya kikohozi ni chakula.

Miraa iachwe tangu siku ya kabla. Musuli unaofanya kazi hunyonya sukari, na taya lililotafuna usiku kucha litang'aa kuliko mgongo. Bazoka pia. Kazi nzito, kubeba mizigo na kutembea mwendo mrefu visimame saa 24 kabla.

Mwenye kisukari asijipangie mwenyewe. Piga simu kitengo cha nyuklia wiki moja kabla, uwasomee dawa zake zote. Metformini hufanya utumbo uwake na kufunika sehemu ya chini ya mgongo, kwa hivyo mara nyingi husimamishwa kwa siku mbili, lakini kwa kauli ya daktari tu. Insulini ina saa zake. Sukari ikizidi 11 siku ya kipimo, wengi watawaahirisha, na mmekwishalipa nauli.

Na baridi! Hili watu wa pwani hawaambiwi. Mtu aliyetoka Amu akashuka Nairobi mwezi wa Julai na kanzu nyepesi atatetemeka. Mwili unaopambana na baridi huwasha mafuta maalum yaliyoko shingoni na kandokando ya uti wa mgongo, na hayo hula sukari ile ile. Picha inajaa mianga pale pale unapotaka pawe wazi. Sweta, soksi, kofia ya sufu na blanketi, tangu usiku wa kabla hadi mlangoni pa mashine. Akina mama, shali nzito ndani ya buibui.

Miadi ikiangukia Ramadhani, mwambie mgonjwa mapema: ni mgonjwa, na siku hiyo anahitaji maji kabla na baada. Ana ruhusa ya kula siku hiyo na kuilipa baadaye. Kama moyo wake una wasiwasi, akamsikie shehe wake kabla ya safari, si kwenye kochi la hospitali.

Skani ya mifupa ni rahisi. Ale kama kawaida. Anywe maji mengi tu.

Siku yenyewe

Mwanamke aseme kama ana mimba au anahisi anayo, na aseme kama ananyonyesha. Aseme kabla ya sindano, hata kama hakuna aliyemuuliza. Anayenyonyesha aulize ni saa ngapi akae mbali na mtoto, na akamue maziwa mapema yawepo.

Mwombe daktari wake dawa ya maumivu ya kumeza saa moja hivi kabla ya kulala kwenye mashine. Mgonjwa atalala chali kwenye kitanda kigumu kwa nusu saa au karibu na hapo, mara nyingi mikono ikiwa juu ya kichwa. Mgongo ukimuuma atajipindua, na picha itatoka na ukungu. Waombe pia mto chini ya magoti, husaidia sana.

Baada ya sindano ya PET atakaa kimya kama saa moja. Kimya kweli. Asitafune, asichezee simu, asitembee kutafuta msikiti. Aswali kabla ya sindano, au kwa kukaa kama hali inavyoruhusu. Kisha akojoe, aingie. Kwa skani ya mifupa, picha za mwanzo hupigwa wakati wa sindano, halafu anasubiri saa mbili hadi nne akinywa maji, ndipo anarudi kwa picha za mwisho. Chukueni kivuli, msiende mbali.

Avue mapambo ya fedha, hirizi ya chuma, mshipi, sarafu mfukoni.

Habari za mionzi

Watu wataogopa, na ni haki yao kuuliza. Mionzi ipo, kiasi chake kimepimwa, na kwa mtu mzima anayehitaji jibu faida inazidi hatari. Haibaki mwilini. Fluorini baada ya saa 11 hivi imebaki sehemu moja kati ya 64. Teknetiumu hupungua nusu kila saa 6, kwa hivyo kesho yake wakati kama ule imebaki sehemu moja kati ya 16.

Siku hiyo basi asipakate watoto wala kulala na mjamzito. Kama mmefikia nyumba ya jamaa Eastleigh yenye watu kumi na wawili na vitoto vitatu, mwombeeni chumba chake hata kwa usiku mmoja. Anywe maji, akojoe mara kwa mara akiwa amekaa, amwage maji mara mbili, anawe mikono. Kula sahani moja na kupeana mkono hakuna neno. Akisafiri kesho yake kwa ndege, awe na barua ya kipimo. Vifaa vingine vya usalama huhisi hata mabaki madogo.

Majibu yakitoka

Ripoti itakuja kwa Kiingereza kizito. Usiridhike na "imeonekana kitu". Kaa na daktari, umuulize moja moja.

Diski imehusika, au pingili peke yake? Maambukizi ya kawaida hula diski na pingili mbili zinazopakana nayo. Saratani mara nyingi huiacha diski salama. TB ni mjanja: mwanzoni inaweza kuikwepa diski na kuteleza chini ya kano kwenda pingili nyingine.

Kuna usaha pembeni, kwenye misuli ya kiuno? Kuna mahali pengine palipong'aa, mapafu, moyo, tezi? Na swali kubwa kuliko yote: sindano ya kutoa nyama ichomwe wapi?

Ndiyo, sindano. Hapa nitasisitiza kuliko popote. Picha, hata iwe nzuri vipi, kwa wengi haitoshi kuanzishia matibabu ya miezi. Lazima kipande cha mfupa au usaha kitolewe, kwa kawaida kwa sindano ndefu inayoongozwa na CT. Faida kubwa ya PET ni kumwonyesha daktari mahali penye mavuno. Msamaha upo kwa wachache: kalcha ya damu ikiwa imekwishamtaja mdudu anayelingana na ugonjwa, au kipimo cha brusela kikiwa wazi pamoja na picha inayofanana.

Siku ya sindano uliza jambo moja linalosahaulika: "Sampuli zote zinatiwa fomalini?" Fomalini inafaa kwa darubini ya saratani na uvimbe, lakini inaua wadudu, na kalcha haioti tena. Sampuli igawanywe. Moja fomalini, nyingine chupa safi isiyo na dawa, iende kalcha ya bakteria, GeneXpert na kalcha ya TB. Kama historia ina maziwa mabichi, maabara waambiwe kuhusu brusela kabla hawajafungua chupa. Ni mdudu anayeambukiza wapimaji wenyewe.

Kurudi Amu

Usiondoke Nairobi bila barua ya kurudi. Iandikwe ugonjwa, dawa, kipimo cha dawa na muda. Maambukizi ya bakteria wa kawaida huchukua wiki 6 hivi za antibiotiki, mwanzoni mara nyingi kwa mshipa. Brusela ya mgongo ni kama miezi 3. TB ya mfupa kwa utaratibu wa Kenya ni miezi 12, na dawa zake ni bure. Hazihitaji kufuatwa Nairobi. Omba ahamishiwe King Fahd, Mpeketoni, Faza au Witu, popote palipo karibu na nyumbani. Mgongo utaacha kuuma mapema kuliko ugonjwa utakavyoisha. Dawa ziendelee.

Baada ya wiki 4 hivi, rudia CRP na ESR hapo Amu. CRP hushuka kwanza, ESR hujivuta. Maumivu yakipungua na CRP ikishuka, usilipie picha nyingine kwa wasiwasi tu. Skani ya mifupa hasa hubaki ikiwaka miezi mingi kwenye mfupa unaopona. CRP ikigoma, homa ikirudi, au mguu ukianza kuwa mzito, chukua ule mfuko wa nailoni na CD zake zote, urudi kwa daktari aliyeandika barua.